Gofu ya Pwani Uskoti na Ireland kwa Msafiri wa Kutoka Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Gofu nilijifunza Jinja, nikianza kwa kubeba mifuko ya wazee kabla sijawa na fimbo hata moja ya kwangu. Miaka mingi baadaye tulichanga fedha watu wanne, tukapanda ndege Entebbe kwenda kucheza kwenye viwanja vya mchanga vya pwani ya Uskoti. Tangu turudi simu haziishi. Wengine wanauliza kuhusu viza, wengine kuhusu upepo, na mmoja aliniuliza kama kule kuna viboko wa majini. Majibu nimeyaandika hapa ili kila anayejiandaa ayapate kwa pamoja.

Uwanja wa linksi ni upi hasa? Kila uwanja ulio kando ya bahari ni linksi?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Linksi ni ile ardhi ya mchanga iliyo kati ya ufuo wa bahari na mashamba ya wakulima. Mkulima hakuitaka kwa sababu haizai kitu. Upepo uliuchonga mchanga ukawa vilima na mabonde, nyasi nyembamba ngumu zikaota juu yake, kondoo wakazitafuna, na walipojificha upepo wakachimba mashimo ambayo baadaye yakawa bunka, yaani mitego ya mchanga. Watu walianza kucheza gofu pale kabla hajatokea mtu wa kuitwa mchora viwanja.

Mchanga hunywa maji upesi. Mvua inyeshe asubuhi, mchana ardhi imekauka na mpira unaruka juu yake kama umeangukia saruji. Miti ni michache mno au hakuna kabisa. Badala yake kuna vichaka vya miiba vyenye maua ya manjano, na mpira ukiingia humo usipoteze dakika zako 3 za kuutafuta. Uwanja wa Entebbe unapendeza, na ule wa Kigo umelala ukingoni mwa Ziwa Victoria, lakini vyote viwili viko juu ya udongo wetu mwekundu wenye rutuba na nyasi nene. Ukiwa Kigo unaona maji, lakini huko si linksi.

Mpira wangu utakwenda mbali kama ninavyopiga uwanja wa Kitante, Kampala?

Hautafika. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, mpira unapita bila kuzuiwa sana. Ukishuka hadi usawa wa bahari unapoteza kati ya asilimia 4 na 5 ya umbali wako, kisha baridi inakula sehemu yake. Fimbo inayokupa yadi 150 Kitante ihesabu kama 140 hivi, na hapo sijataja upepo.

Upepo ndio mwenye uwanja. Siku yetu ya pili kwenye shimo moja fupi nilipiga aoni (fimbo ya chuma) namba 8 asubuhi, na mwenzangu aliyecheza shimo hilohilo jioni akatumia fimbo ndefu ya mbao, tena hakufika. Kwa hiyo acha kabisa kuulizia yadi peke yake. Uliza upepo unatoka wapi, mpira utaangukia wapi, na baada ya kuanguka ardhi itaupeleka wapi. Swali hilo la tatu huku kwetu hatuliulizi, kwa sababu nyasi zetu huudaka mpira pale ulipoangukia. Kule safari ya mpira inaanza upya ukigusa ardhi.

Nijiandae vipi nikiwa bado Uganda?

Jifunze kupiga mpira wa chini. Rudisha mpira nyuma kidogo kwenye miguu yako, shika fimbo chini zaidi, usizungushe kwa nguvu, na umalizie mikono ikiwa chini. Fanya hivyo kwa aoni namba 6 na 7 mpaka mpira upite chini ya matawi ya miti bila kuyagusa. Kisha jifunze kutumia pata, ile fimbo ya kuviringisha mpira, ukiwa nje ya greeni (eneo la nyasi fupi lenye shimo na bendera), hata yadi 20 nje. Nyumbani watu watakucheka. Kule kedi, yaani mbeba mifuko, atakupa pata mwenyewe kabla hujaiomba.

Mwezi wa kwanza na wa pili, jua linapokausha viwanja vyetu, ndio wakati mzuri wa mazoezi hayo. Nenda Entebbe alasiri upepo wa ziwa unapopanda. Na tembea! Sehemu nyingi za linksi hazikupi gari la gofu ila ukiwa na sababu ya kiafya, na mzunguko mmoja unazidi kilomita 8 za kupanda na kushuka vichuguu vya mchanga. Aliyezoea kuendeshwa ataumia magoti siku ya pili.

Nichague sehemu gani? Majina ni mengi.

Ushauri wangu ni huu, na sitauachia: chagua mji mmoja, ukae. Nimeona ratiba za watu zenye viwanja 8 kwa siku 7, asubuhi huku, jioni kule, muda wa saa 4 barabarani kila siku. Wanarudi na picha, lakini hakuna shimo hata moja walilolijua. Uwanja wa linksi ukiucheza mara moja umekupiga tu. Mara ya pili unaanza kuelewa kwa nini kile kilima kiko pale. Sisi tulicheza uwanja mmoja mara 3, na ile mara ya tatu ndiyo ninayoikumbuka hadi leo nikilala.

Kwa mgeni wa kwanza, St Andrews inatosha. Ndani ya mji mmoja mdogo kuna viwanja 7 vya umma: Old Course, New Course wa mwaka 1895 (ndiyo, "mpya" maana yake ni huo), Jubilee wa 1897, Eden wa 1914, Strathtyrum, Balgove wa mashimo 9, na Castle uliofunguliwa 2008 juu ya majabali nje kidogo ya mji. Unalala sehemu moja na sehemu kubwa ya viwanja unaifikia kwa miguu. Kuna hata uwanja wa kutumia pata tu, uitwao Himalayas, mali ya chama cha wanawake kilichoanzishwa 1867. Unalipa pauni chache na unacheza na watoto.

Carnoustie iko ng'ambo ya mto Tay, unaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Huko ndiko Mfaransa Jean van de Velde alikofika shimo la mwisho la The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, mwaka 1999 akiongoza kwa mikwaju 3, akaingia kwenye kijito cha Barry Burn, akamaliza kwa 7, na kombe likaenda kwa Paul Lawrie. Ukisimama kwenye kile kijito utaona ni chembamba kuliko ulivyofikiri ukiangalia televisheni, na bado kinatisha.

Pwani ya magharibi kuna Prestwick, yalikochezwa mashindano ya kwanza ya The Open mwaka 1860 na watu 8 tu, na jirani yake Royal Troon yenye shimo la 8 liitwalo Postage Stamp, yaani stempu. Lina yadi 123. Kwa umbali ni weji tu (fimbo ya mipira mifupi ya juu) kwa mchezaji mzuri, lakini greeni ni nyembamba na bunka zimeizunguka.

Ireland ni safari nyingine kabisa, nisingeichanganya na hii. Ila ukienda, Lahinch ina shimo fupi liitwalo Dell ambalo greeni yake imefichwa nyuma ya kilima, huoni bendera. Unaelekeza mpira kwenye jiwe jeupe lililowekwa juu ya kilima na kumwomba Mungu. Kaskazini kuna Royal County Down chini ya milima ya Mourne, na Royal Portrush, walikoshinda The Open Shane Lowry mwaka 2019 na Scottie Scheffler mwaka 2025.

Ni kweli mtu yeyote anaweza kucheza Old Course?

Kweli. Ni uwanja wa umma, si wa klabu ya matajiri. Jengo lile la mawe nyuma ya tii (sehemu ya kuanzia) ya kwanza ni la klabu, lakini ardhi ya uwanja ni ya wananchi na inasimamiwa na St Andrews Links Trust. Kazi ni kupata nafasi tu.

Njia ya kwanza ni kuomba mapema, maombi ya mwaka unaofuata yanapofunguliwa. Ya pili ni bahati nasibu ya kila siku: mnajiandikisha watu 2 hadi 4 kabla ya saa 8 mchana, siku mbili kabla ya siku mnayotaka kucheza, na majibu yanatoka jioni hiyo. Ukiwa peke yako kuna droo ya mtu mmojammoja iliyoanza 2024, ambayo lazima uwe umefika mjini siku moja kabla ili ujisajili. Zamani watu walilala nje kwenye foleni usiku kucha wakisubiri nafasi moja. Siku hizi hakuna haja.

Sisi tuliingia kwenye bahati nasibu siku tatu mfululizo, tukakosa mbili. Ndiyo sababu nyingine ya kukaa mji mmoja: anayelala usiku mmoja ana nafasi moja, anayelala usiku watano anazo kadhaa.

Angalia mambo mawili. Jumapili Old Course haichezwi. Na mwaka 2027 The Open inarudi St Andrews, kwa hiyo karibu na mwezi wa saba wa mwaka huo usipange kuja kucheza.

Neno moja kuhusu saa: nafasi yako itaandikwa 14:10, nasi tunaisoma saa 8 na dakika 10 mchana. Mwenzetu mmoja alitafsiri kichwani kwa haraka, akaamka tayari kwenda saa 8 usiku. Andika saa zote mbili kwenye karatasi.

Nahitaji cheti cha handikapu?

Ndiyo. Old Course na viwanja vingi vikubwa wataomba kuona handikapu halali, yaani namba inayoonyesha kiwango chako cha mchezo. Tangu mwaka 2020 dunia inatumia mfumo mmoja wa handikapu, kwa hiyo namba yako ya klabuni inaeleweka kule bila maelezo marefu. Hakikisha kadi zako zimeingizwa kabla ya kusafiri, na chapisha karatasi yenye muhuri wa klabu. Usipunguze namba ili uonekane hodari. Shimo la kwanza tu litakuumbua.

Viza ikoje?

Uskoti na Ireland ya Kaskazini ziko ndani ya Uingereza, kwa hiyo viza moja ya mgeni ya Uingereza inatosha kwa zote mbili. Jamhuri ya Ireland ni nchi nyingine yenye viza yake, na Mganda anatakiwa aombe zote mbili kama anataka Portrush na Lahinch kwa safari moja. Mpaka kati yao hauna kizuizi barabarani, na hapo ndipo watu wanajisahau. Usivuke bila viza.

Maombi ya Uingereza hujazwa kwenye intaneti, kisha unatoa alama za vidole na picha Kampala. Kwa kawaida uamuzi huchukua kama wiki 3, lakini sisi tuliomba miezi 2 kabla na sijutii. Weka taarifa za benki zinazoonyesha fedha zikiingia kwa utaratibu wake, si mzigo mkubwa ulioangukia wiki iliyopita. Barua ya mwajiri au karatasi za biashara yako. Na uthibitisho wa nafasi za kucheza ulizopata. Mmoja wetu alinyimwa mara ya kwanza kwa sababu hakueleza fedha zilizotoka kwa kaka yake. Alipoandika barua ya maelezo na kaka akasaini, akapewa. Usilipe hoteli isiyorudisha fedha kabla ya viza kutoka.

Nafikaje, na fimbo zangu je?

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe hadi Uskoti. Unaweza kupitia Dubai, Doha, Istanbul au Amsterdam na kushukia Edinburgh. Uganda Airlines nayo ilianza kwenda London Gatwick mwezi Mei 2025, na ukishuka huko unaendelea kwa ndege ndogo. St Andrews haina stesheni ya treni. Unashuka Leuchars, kisha basi au teksi kwa dakika chache.

Kama mko wanne, kodini gari. Wanaendesha kushoto kama sisi, na leseni ya Uganda inakubalika kwa mgeni. Hata plagi za umeme ni zilezile za pini tatu.

Uliza shirika lako kama mfuko wa gofu unahesabiwa ndani ya kilo zako au unalipiwa peke yake. Funga vichwa vya fimbo kwa sweta na taulo, maana utazihitaji hata hivyo. Fimbo ni 14, zisizidi.

Ni gharama kiasi gani?

Kubwa, sitakudanganya. Mwaka 2024 ada ya Old Course majira ya kiangazi ilikuwa pauni 320, karibu shilingi milioni moja na nusu kwa mzunguko mmoja, na ada hizi hupanda karibu kila mwaka. Lakini hiyo ndiyo ya juu. New, Jubilee na Eden ni za chini zaidi, Balgove ni ndogo sana, na vijiji vya pwani ya Fife vina viwanja vya linksi visivyo na jina kubwa ambavyo wenyeji wenyewe wanavipenda. Mwezi wa nne na wa kumi bei hushuka.

Sisi tulilipia Old Course mara moja tu. Siku zilizobaki tulicheza New na Eden, na jioni tukapika wali kwenye nyumba tuliyokodi.

Niende mwezi gani, na nivae nini?

Mwezi wa tano hadi wa tisa. Mwezi wa sita jua linachomoza saa 10 na nusu alfajiri na kuzama karibu saa 4 usiku. Kwetu jua linazama saa 1 mwaka mzima, kwa hiyo mwili unachanganyikiwa, lakini mcheza gofu anafurahi: unaweza kuanza mashimo 18 baada ya chakula cha jioni.

Joto la mwezi wa sita Uskoti linafanana na asubuhi ya baridi Kabale. Vaa nguo nyepesi kadhaa moja juu ya nyingine, na juu yake koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Glavu za mvua nunua jozi mbili. Kofia ya sufu chukua. Mwavuli uache, upepo utaugeuza shimo la pili. Kuna pia ukungu mzito wa baharini unaoitwa haar, unaoingia ghafla jua likiwaka na kuificha bendera.

Kedi wa kule ni kama wetu?

Anaheshimika kama wetu wanavyostahili kuheshimiwa. Kwenye uwanja usioujua, umwajiri siku ya kwanza, hata kama utajibana kwenye mambo mengine. Old Course ina greeni 7 zinazogawanwa na mashimo mawili mawili (ukijumlisha namba zake unapata 18: la 2 na la 16, la 3 na la 15), na mgeni hupiga kwa bendera isiyo yake bila kujua. Bendera za kwenda ni nyeupe, za kurudi nyekundu. Kedi wangu, mzee wa maneno machache, alinionyesha mnara wa kanisa mjini na kusema pale tu. Mbele yangu nilikuwa naona kichaka. Nikapiga, mpira ukatua katikati ya fewei, ile njia ya nyasi fupi ya kuelekea greeni.

Analipwa mkononi, taslimu, mwisho wa mzunguko, pamoja na bakshishi. Ukimwambia nawe ulianza kwa kubeba mifuko, mazungumzo yatabadilika mara moja.

Nikiingia kwenye zile bunka ndogo za kina kirefu nifanyeje?

Toka. Usitafute umbali. Ukuta wa mbele umejengwa kwa matabaka ya nyasi na ni wima, na mara nyingi njia pekee ni kupiga pembeni au kurudi nyuma. Ukishindwa kabisa, kanuni inakuruhusu kutangaza mpira hauchezeki: kwa adhabu ya mkwaju 1 unaudondosha ndani ya bunka, au kwa mikwaju 2 unautoa nje kwenye mstari wa nyuma.

Usione aibu. Bingwa Jack Nicklaus alitumia mikwaju 10 kwenye shimo la 14 la Old Course mwaka 1995 kwa sababu ya bunka iitwayo Hell, yaani Jehanamu. Tommy Nakajima alitumia 9 kwenye la 17 mwaka 1978. Old Course ina bunka 112, na Tiger Woods aliposhinda pale mwaka 2000 hakuingia hata moja kwa siku 4.

Wanawake wanakaribishwa?

Kwenye viwanja vya umma, ndiyo, bila swali. Lydia Ko alishinda mashindano makubwa ya wanawake papo hapo Old Course mwaka 2024. Vilabu ndivyo vilivyochelewa: Royal and Ancient ilipiga kura kukubali wanachama wanawake mwaka 2014, na Muirfield mwaka 2017. Dada zetu wanaocheza vizuri pale Kitante wasisubiri waume zao wapange safari.

Swala na chakula halali?

Kiangazi Isha na Alfajiri zinakaribiana mno. Tulifuata ratiba ya msikiti wa Dundee, mji ulio karibu, na kwa kuwa tulikuwa wasafiri tulijumuisha Maghrib na Isha. Samaki wapo kila mahali, tena wazuri. Ulizia tu kama mafuta ya kukaangia yamechanganywa na ya nyama. Nyama halali tulinunua Dundee.

Sina uwezo huo bado. Kuna kitu karibu?

Kipo. Mombasa Golf Club ina mashimo 9 juu ya miamba ya matumbawe, Bahari ya Hindi ikipiga chini yako, na Vipingo Ridge iko Kilifi. Si linksi, lakini upepo wa kusi hauna huruma, na ni usawa wa bahari. Nenda kwa basi, cheza siku 3, uone fimbo zako zinafika wapi.

Jumapili uwanja umefungwa. Nifanye nini?

Nenda hukohuko. Siku hiyo Old Course ni bustani ya mji. Kina mama wanasukuma vigari vya watoto, mbwa wanakimbia kwenye fewei, wapenzi wanapigwa picha kwenye daraja la Swilcan. Usiingie kwenye greeni wala bunka. Vua kofia ya mchezaji, tembea kinyume, kutoka la 18 kurudi nyuma. Ukiwa unatazama kutoka kwenye greeni kuelekea tii utaona kila kitu ambacho macho yako yalifichwa siku ya kucheza: vichuguu vinavyosukuma mpira, bunka ambazo kutoka tii hazionekani kabisa. Nilisimama ukingoni mwa Hell kama dakika kumi. Mzee mmoja mwenye mbwa akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Jinja, Nile inapoanzia. Akauliza kama tuna uwanja huko. Nikatoa simu nikamwonyesha picha za shimo letu la kwanza, naye akaketi kwenye nyasi ili azione vizuri.